Kumi na Sita

Kazi yangu ni namba: saba, kumi na mbili, kumi na sita, kumi na nane.
Natazama mimi kwanza, ili wengine watazame, au wasitazame.
Ofisi ipo Tampere, juu ya duka la miwani,
na Novemba hii jua huja saa tatu asubuhi;
saa tisa limeshavaa koti, limeondoka.

Tamthilia ya wiki hii ina vipindi vinane.
Mwanamke anarejea nyumba aliyozaliwa.
Chumbani vimo vitanda viwili, vyote vimetandikwa.
"Hujawahi kuwa na dada," mama yake anamwambia,
kisha anamwongezea supu.

Naandika:
damu, dakika ya kumi na tisa, sekunde nne, kiganjani tu.
Kisu kimeonekana, hakikutumika.
Matusi mara sita; shetani katajwa, kama ilivyo ada yetu.
Uchi, hakuna. Ulevi, glasi moja, haikumalizwa.
Fomu ina kisanduku cha kila kitu
ila cha mama anayedanganya bila kupepesa,
kwa sauti ile ile ya kuuliza umevaa soksi za sufu.

Rauno, mwenzangu, anasema kumi na mbili.
"Nani amekufa mbele ya kamera? Hakuna."
Anatafuna pipi zake nyeusi za chumvi.
Rauno amefuga paka wawili, na hao hawaulizi.

Kipindi cha tano nilikibeba nyumbani, jambo lisiloruhusiwa.
Nikavaa vipokea sauti, nikaupa mlango mgongo:
kosa la mtu anayelipwa kujua watoto husimama wapi.
Eelis alikuwa nyuma yangu, miaka kumi na mmoja,
mkate mweusi mkononi, kauma mara moja akausahau.
Hakusikia hata neno. Aliuona uso tu:
yule mama, upawa wa supu, lile tabasamu.

Nikaifunga kompyuta.
Nikangoja aulize habari za kisu.
Akauliza, "Hilla yuko wapi?"

Hilla, mbwa wetu. Tangu theluji ya mwaka jana
yuko shambani kwa shangazi Kerttu, anakimbiza sungura, ananenepa.
Nimemsimulia mwanangu hata rangi ya kibanda.
Krismasi nilipiga unyayo kwenye kadi
kwa wino na kidole gumba.

"Mama, ulikuwa na uso ule."

Nikamwambia. Sindano, blanketi la kijani,
daktari aliyekuwa akitazama saa.
Hakulia. Akaurudia mkate.
"Nilijua," akasema mdomo umejaa,
"ila niliona unafurahi kunisimulia."

Asubuhi nikajaza kumi na sita.
Sababu? Rauno akataka kujua. Nikatia alama kwenye hofu,
maana fomu haina kisanduku cha kutambua.
Wala sina hakika. Huenda wa miaka kumi na mmoja
huyaona haya mezani kila siku, bila namba pembeni,
na mimi nimewakinga nini? Au nimejikinga?
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hiyo nimeifua mimi, nikaipiga pasi.
Rauno akasema, "Watalalamika wenye tamthilia."
Nikasema walalamike.

Jioni Eelis ameomba vipindi vitatu vilivyobaki.
Nimekataa.
"Mpaka lini?"
"Miaka mitano."
Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukamtosha.
"Basi niambie kimoja tu. Kile kitanda cha pili,
ni cha nani?"

Nilikuwa nikimpakulia supu.
Nikauweka upawa chini,
ndipo nikajibu.