Safu ya Saba

Mstari mmoja, simu moja.
Mkato hutenga safu na safu kama mfereji shambani:
tarehe, saa, aliyepiga, aliyepigiwa,
mnara, hali, sekunde.
Majina hayamo. Faili hili halimjui Aikande wala Mzee Shayo,
linajua mbili tano tano na tarakimu tisa.

Zamu ya usiku, Moshi, ghorofa ya pili juu ya duka la pembejeo.
Mistari ya jana imejipanga, laki tatu na ushei.
Mashine huanza kuhesabu saa usiku wa manane, watu wakikoroma;
sisi huanza kukipambazuka.
Ikiandika 05:40 naongeza sita kichwani,
napata kumi na moja na dakika arobaini, alfajiri,
saa ya mama kukata majani ya ng'ombe kule Uru.

Najua hairuhusiwi. Niliitafuta namba yake.

05:40, yeye, mimi, mnara wa Uru, HAIKUPOKELEWA, 0
05:41, yeye, mimi, mnara uleule, HAIKUPOKELEWA, 0

Bipu moja: nimeamka, mzima.
Mbili: mvua imenyesha.
Tatu: nipigie, ila kaa chini kwanza.
Mwaka mzima tumezungumza hivyo
bila kumpa mtu senti.

Mhandisi Kileo ameniachia karatasi juu ya kibodi:
"Safu ya saba ikiwa sifuri, futa mstari. Diski imejaa,
na humo hamna kilichosemwa."

Hamna kilichosemwa.

Natafuta mstari wa mama wenye namba. Upo mmoja, wa Machi,
kidole kiliteleza nikapokea: sekunde sita.
"Mbona umepokea, wewe Ndesario! Unanilia hela yangu!"
Akakata.
Nikiitii karatasi, cha mama kitakachobaki humu
ni sekunde sita za kunigombeza.

Amri nimeiandika yote, bado kitufe cha mwisho.
Chai imepoa, ina utando.
Chini wanashusha mikungu ya ndizi, mtu anamtukana mtu kuhusu chenji.
Simu mezani inatetemeka.
Siigusi.
Inanyamaza, inatetemeka tena.

Huku mjini, dirishani, vumbi tupu.
Naitazama nione kama kuna ya tatu,
nami tayari nimekaa.