Friza Namba Tatu

Fomu imeshuka asubuhi kutoka ghorofa ya sita,
mhuri juu yake, wino wa bluu bado mbichi:
Sampuli za friza namba tatu ziteketezwe.
Idadi: elfu mbili mia nne na kumi na moja.
Mkusanyaji: Dkt. Kokushubila R.
Aliyeidhinisha: Prof. Kokushubila R.

Nikaisoma tena, safari hii na miwani.

Nilikuwepo alipozileta.
Mwaka ule wa mvua, njia ya Mkuranga tope tupu,
yeye na kisanduku cha barafu mapajani
kama aliyepakata mtoto wa mtu.
Vidole vyake vilikuwa zambarau kwa rangi ya maabara;
hata hina ya harusi yake, pale Upanga, ilishindwa kuifunika.
Akiinamia hadubini hasikii adhana wala kengele ya chai,
anahesabu vimelea, midomo inacheza,
kama mweka hazina wa upatu asiyemwamini mtu.

Na usiku ule umeme ulipokatika,
jenereta likakohoa mara tatu, likanyamaza,
aligonga dirisha langu: "Lukindo, gari lina mafuta?"
Tukazunguka Kariakoo kutafuta barafu,
barafu za vifuko, za kuuzia watoto wa shule,
za ukwaju, za ubuyu.
Mwenye duka akauliza, sherehe ya nani?
"Ya watoto elfu mbili," akajibu, akadai chenji yake.
Alfajiri sakafu ilikuwa nyekundu kama machinjioni,
lakini hakuna kichupa kilichoyeyuka.

Wakampa kitengo. Kisha idara.
Kisha kiti kinachozunguka.
Zambarau ikatoka vidoleni pole pole,
bluu ikaingia.
Nikipanda na barua namkuta kazama:
kamati ya maadili, wafadhili, wakaguzi, dizeli,
dizeli tena.
Siku moja akaniuliza, sauti chini,
kama lenzi ya mara mia bado ina ule mkwaruzo.
Upo, nikamwambia.
Akacheka kama aliyeletewa salamu za kwao.

Leo saa kumi ameshuka mwenyewe, bila katibu,
amevaa koti la mwanafunzi, limembana mabega.
Nyuma yake kijana Gwamaka,
mwenye utafiti wa kifua kikuu na hana pa kuweka makohozi.
Profesa amefungua mlango. Ukungu umemvamia miwani.
Mkono umekwenda wenyewe, haukutafuta:
mia nne na kumi na saba.
"Huyu aliniuma," amesema. "Hapa, kwenye kiganja.
Mama yake akauliza, majibu lini?
Nikaandika makala."

Tukanyamaza. Friza tu ndiyo iliyosema.

Gwamaka akaanza, "Profesa, tunaweza kubakiza rafu moja..."
"Bandika lebo zako," akamkatiza.
"Na majibu uyapeleke kwa miguu yako."

Tanuri liko nyuma, uani. Nimebeba mimi,
safari tisa, magoti yakinilalamikia.
Yeye amesimama mlangoni hadi ya mwisho,
kisha akatazama saa: kuna kikao cha bajeti.
Kwenye fomu palibaki mstari wa shahidi.
Nimesaini kwa kalamu yake; ameisahau, au ameniachia.

Usiku huu namba tatu inanguruma tupu.
Sijaichomoa.
Isije ikazoea joto.