Alama ya Vema

Kompyuta ya chama ikisinzia, ikiamka imesahau mtandao.
Kioo kinawaka, karatasi ya hesabu iko pale pale
nilipoiacha kwenda mizanini:
Somoe Nampwapwa, kilo mia na kumi na mbili, daraja la kwanza.
Lakini pembeni kule chini, kidunia kidogo cha kijivu
kimechorwa msalaba.

Newala, mwezi wa kumi na moja. Ukungu umepanda kutoka Ruvuma
umeingia hadi dirishani, magunia yamefika darini.
Simu yangu inalia mfukoni: Karibu Msumbiji.
Naam. Simu imevuka mpaka bila pasi,
na mashine hii haiwezi kufika ukutani,
kwenye kisanduku kinachopepesa taa
mita moja kutoka puani mwake.

Kila mtu ana ugonjwa wake wa kuipa.
Mlinzi Chinduli anasema panya wameonja waya.
Katibu anasema ni kampuni, wanakula vifurushi.
Mzee Likapa, anayesubiri malipo ya mnada wa pili,
anasema kompyuta haijui, ila mkono wa mtu anaujua.
Fundi wa Masasi, kwa simu: "Zima, washa."
Nikazima, nikawasha. Ikapona.
"Elfu ishirini," akasema. "Tuma na ya kutolea."

Kesho yake ikasinzia. Ikasahau.

Basi nikageuza kitabu cha stakabadhi,
nyuma yake nikapiga mistari kama tunavyohesabu magunia,
minne imesimama, wa tano umeilalia.
Nikizima kabisa na kuwasha: inakumbuka.
Nikichomoa waya na kuuchomeka: wapi.
Nikiizuia isilale, nikigusagusa kipanya kila dakika kumi
kama ninayemkesha mgonjwa: inakumbuka.
Ikisinzia, hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha uji: wapi.
Siku tisa. Panya hawamo. Kampuni haimo.
Mkono wa mtu, hapo nilisita,
maana yupo mtu aliyeipanga hivi, mbali sana,
na wala hakutuwazia mabaya.

Nilimkuta usiku wa Alhamisi,
chini ya menyu, chini ya menyu nyingine,
katika kichumba ambacho karani hatumwi.
Sentensi moja ya Kiingereza, nikaitafsiri kwa sauti, taratibu:
Ruhusu kompyuta izime kifaa hiki ili kutunza umeme.
Na mbele yake, alama ya vema.

Nikacheka peke yangu.
Kumbe ilikuwa inabana matumizi!
Ikienda kulala inaziba sikio,
ikiamka inasahau kulizibua.
Nani wa kuilaumu hapa kwetu,
ambako maji ya kunawia uso yanaosha na miguu,
kisha wanapewa mchicha?
Mama alikuwa akizima koroboi sisi tukiwa katikati ya ugomvi,
na asubuhi hakuna aliyekumbuka
tulikuwa tunagombania nini.

Nikaiondoa ile alama. Shuleni vema ilikuwa kitu cha kupewa,
sikuwahi kuambiwa kuna vema ya kufutwa.
Nikaifunika mashine, nikahesabu hadi mia tatu,
nikaifunua.

Kidunia cheupe. Msalaba hakuna.

Fundi sikumpigia. Katibu nilimweleza,
akasema, "Nilijua ni kitu kidogo."
Mzee Likapa alilipwa Jumatatu. Aliusoma ujumbe mara tatu,
akaniinamia, akaniuliza kama aliyeturoga nimemjua.
Nikasema nimemjua.
"Usimtaje," akasema.

Jana mchana imesahau tena, mara moja tu.
Nimegeuza kitabu,
nimepiga mstari mmoja, umesimama peke yake,
nangoja kama utapata wenzake.