Kubandua Bila Kuchuna

Usiniletee wembe, Lechipya.
Wembe una haraka, na haraka
nilishailipia: rimu nne za mhasibu wa Ipagala,
nusu lita ya tina, dakika kumi,
klia ikavimba, ikajikunja kama utando wa maziwa,
na miezi miwili nikawa namfanyia kazi yeye.
Rudisha wembe. Nenda kaazime draya kwa Foibe saluni,
mwambie itarudi kabla ya maharusi wa saa nane.

Gari lilikuja asubuhi, upepo ukiwa haujaamka
kuhamisha vumbi la Kizota kutoka uwanja huu hadi ule.
Mama mmoja, mwembamba, viatu vya kanisani,
ameshika funguo kama kitu cha kuazima.
"Hizo herufi," akasema. "Nyekundu. Zitoe."
Zilikuwa tano kwenye kila rimu, na mshale,
za kiwandani, zimebandikwa huko ng'ambo na mashine
isiyojua Dodoma iko wapi.

Nikamwambia, mama, zinapendeza, wenzako wananunua.
Akatazama lori la alizeti mpaka likaisha kupita.
"Marehemu alikuwa anaziosha kwa mswaki.
Sasa nikipita Mvumi, watoto, wazee, mpaka wauza mkaa
wananipungia mkono hata uso hawajauona:
Mbukwenyi, Ndahani!
Mwaka wa pili huu. Wanayasalimia magurudumu.
Na mimi naitikia. Nitafanyaje?
Naitikia kwa jina lake."

Sikuwa na neno. Nikachota maji.

Angalia, Lechipya. Osha kwanza,
maana vumbi chini ya kitambaa ni msasa.
Kausha. Kisha hewa ya moto, kwa mbali, upana wa kiganja,
ipitepite, isisimame mahali.
Gusa: ukihesabu mpaka tatu bila kuondoa kidole, inatosha.
Sasa ukucha. Nimesema ukucha, siyo bisibisi.
Inua pembe ya herufi, ivute ikiwa imelala mgongoni mwake,
polepole, kama unavyomtoa titi mtoto
aliyesinzia nalo.
Ikikatika usiitukane. Irudishie moto.
Gundi inayobaki, tone la mafuta ya alizeti,
halafu kaa. Kaa kabisa. Kunywa chai.
Ndipo uje na kadi ya benki iliyokwisha muda
uisukume ile gundi kama unakusanya makombo mezani.

Saa sita na nusu tukamaliza rimu ya nne.
Nikaipangusa kwa fulana ya uchaguzi, laini kuliko zangu zote,
nikachuchumaa, nikainamisha kichwa upande.
Zilikuwepo.
Siyo rangi, siyo gundi. Fedha juu ya fedha:
pale palipofunikwa rimu ilikuwa bado mpya,
kwingine kote jua la miaka sita limeshakwangua mng'ao
likaacha herufi tano na mshale, zinasomeka
ukisimama upande wa mashariki.

Nikamwita. Sikutaka azigundue akiwa Mvumi.
Mama, hapa nimefika mwisho. Nikisugua zaidi
nitakula klia, na mvua ya kwanza
itakuletea kutu nyeupe kama ukoga.
Akachuchumaa na viatu vyake vya kanisani,
akapitisha kidole, akaifuata herufi ya kwanza
kama mtoto wa chekechea.
"Jua litazifuta lini?"
Kiangazi kimoja. Labda viwili. Usilifunike gari.
"Nilikuwa nalifunika."
Akacheka kidogo, kwa pua.
Akalipa, akahesabu chenji mara mbili, akaondoka
kwa gia ya kwanza mpaka barabarani.

Jioni Foibe alikuja kufuata draya, amenuna, ana haki.
Herufi moja nilikuta imenigandia kwenye kiwiko.
Nyingine Lechipya ameibandika kwenye ndoo yetu ya maji machafu,
imekaa kombo, na mshale unaelekea chini.
Nimemwambia aiache.