Leso, Meza, Gereza

Beji yangu inasema Shekue. Kazi: kuonyesha.
Ngome hii nimeionyesha hata usingizini
naota natembea kinyumenyume, uso kwa wageni,
nikisema, tahadharini, ngazi hiyo imelika.

Leo mgeni ni mmoja tu. Jandira,
mshonaji mstaafu, miguu imemvimba kwa joto,
katoka mji wa pwani huko Brazili, Fortaleza.
"Maana yake ngome," akaniambia dirishani,
akilipa bei ya wageni bila kunung'unika.
Tulisema Kiingereza, kila mtu na kibovu chake.

Nikaanza kama kawaida:
ukiitazama kutoka juu ni mtu kalala chali,
kichwa baharini, miguu mjini;
mizinga imechoka, usiikalie;
nikataja mwaka, na mwaka, na mwaka.
Kugeuka, niko peke yangu.

Amebaki langoni, chini ya jiwe la maandishi,
analisoma kwa sauti, polepole,
kama mtu aliyeletewa barua ya jirani kwa makosa.
"Wanajisifu," akasema.
"Huyu anahesabu watu aliowapiga."
Miaka kumi na tisa napita chini ya jiwe lile
nikisema: hicho ni Kireno, twendeni mbele.

Tukakaa kivulini, kando ya choo cha wageni.
Akatoa kitambaa, akajifuta shingo, akakitaja: lenso.
Nikaruka. Leso! Hata sisi!
Basi tukawa watoto wanaobadilishana gololi:
yeye mesa, mimi meza,
yeye bandera, mimi bendera,
mlinzi akatutazama kama tumelewa.
Nikanogewa, nikauliza: na gereza je?
Akakunja uso. Akalizungusha neno mdomoni.
"Igreja," akasema. "Lakini hilo ni kanisa."

Kanisa.

Babu yangu, Mbwana Kombo, alikaa humu miezi minane
Mwingereza alipoifanya Ngome jela,
kwa kosa la kumrushia karani wa kodi kiatu.
Kiatu kimoja. Hakumpata.
Bibi alileta mahamri kila Ijumaa mpaka langoni,
askari akila mawili, akipitisha matatu.
Hayo hayamo katika maelezo ya watalii.
Nikamwambia Jandira.
Akauliza ni chumba gani.
Hatukijui, kwa hiyo nikamwonyesha kuta zote,
moja baada ya moja, na safari hii
nilitembea uso mbele.

Baadaye tukaenda Mtaa wa Biashara.
Leso zimening'inia mpaka juu, duka hadi duka,
Mwanashehe akizitandaza kaunta nzima,
na Jandira anapima pindo kwa vidole, kifundi,
hadanganyiki na rangi.
Akachagua nyekundu yenye korosho.
Imeandikwaje? Nikasita.
WAMBEA MTAKONDA, nikamfasiria.
Akacheka hadi akashika meza.
"Ninaye jirani," akasema. "Nipe mbili."

Kesho saa tatu nina watu thelathini wa meli,
wana dakika arubaini na kofia zinazofanana.
Nitawaambia ngazi imelika.
Nitawaambia mtu kalala chali.
Lakini tukifika chini ya lile jiwe
tutasimama,
na anayetaka kwenda mbele
atangulie.