Pimamaji Ilikataa

Kabla ya uwanja palikuwa na magugu,
pipa la lami lililotoboka,
na mbuzi watatu wa jirani.
Kabla ya mbuzi, stoo ya marobota ya pamba,
enzi za king'ora cha saa kumi na mbili
kilichoamsha Walukuba nzima,
wenye kazi na wasio nayo.
Kiwanda kilipofungwa, wezi walibeba mabati,
mchwa wakabeba mbao.
Sakafu haikubebeka.

Mkitaka historia, basi anzieni hapo:
kwenye kitu ambacho hakuna aliyeweza kukiiba.

Kirunda aling'oa magurudumu ya toroli la pamba,
akayapigilia chini ya chaga ya kitanda cha dada yake.
Usiku ule Naigaga alilala pamebonyea katikati,
akamlaani hadi alfajiri.
Asubuhi akaomba zamu.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa
kuomba uwanja wa sketi.
Karani akaandika: kikundi cha ushonaji.
Baada ya miezi minane ikaletwa cherehani, mpya, na mafuta yake.
Tuliiuza siku hiyohiyo.
Mifuko kumi na tisa ya saruji.

Ndipo nikaitwa mimi, Ochwo wa Tororo,
fundi wa misingi na makaburi.
Miaka thelathini nimeiamini pimamaji:
kipovu kikikaa katikati, naenda kulala.
Vijana wakachora mchangani kitu kama bakuli.
"Ukuta uanguke, fundi," wakasema,
"lakini uanguke polepole."

Niliweka pimamaji. Kipovu kikakimbilia pembeni
kama mtoto aliyeona sindano.
Nikaigeuza. Kikakimbilia kule.
Nikaitia mfukoni, nikamwambia Kirunda:
lala humo shimoni, kunja magoti, pumua.
Tukaufuata mgongo wake kwa kamba na vigingi.
Zege likamwagwa Jumamosi, ndoo kwa ndoo,
na kabla halijakauka Naigaga akachora kwa msumari:
*Aogopaye mteremko akae na ngazi yake.*

Tulisahau tundu la maji.
Nasema "tulisahau"; aliyesahau ni mimi.
Mvua ya kwanza ikalijaza bakuli hadi mdomoni,
wanawake wakafulia humo, vyura wakahamia na familia zao,
na kwa wiki mbili nilipita njia ya nyuma.
Kisha nikarudi na tindo.

Manispaa nao walikuja, na rangi nyekundu.
Wakapiga alama ya kubomoa ubavuni, mkasi mkubwa.
Naigaga akaiongezea kichwa, akaiongezea vidole,
ikawa mtu anayeruka.
Ofisa aliporudi alizunguka mara mbili
akitafuta mkasi wake,
akaondoka anajikuna shingo.

Mwaka wa barakoa polisi waliziba lango kwa miiba.
Nyasi zikapenya ufa, ule wa kaskazini,
ambao hadi leo nauziba kila Desemba
na kila Machi unanifungukia.
Mtoto wa muuza roleksi alivunjika kifundo cha mkono.
Mama yake alikuja na mwiko, ametushikia hasira sote,
akamkuta kakaa ukingoni, mkono kwenye kitambaa,
akiwahesabia wenzake zamu.
Alisimama kidogo. Mwiko ulikuwa bado na mafuta.

Naigaga sasa ndiye mwenye funguo.
Kirunda yuko Doha, analinda mlango
wa jengo ambalo yeye haruhusiwi kupanda lifti yake.
Jana alipiga simu ya picha, zamu ya usiku.
Hakuuliza habari za nani amekufa, nani ameoa.
Alisema, nionyeshe chini.

Nikashuka kwa makalio, magoti haya hayataki tena.
Nikailaza simu pale yalipokaa mabega yake.
Ikateleza kidogo,
ikatulia.