Bolti Kumi Kila Upande

Silinda hedi ni za sitini na tano,
za Casimir, kaka yake,
zilizobaki alipouza nyumba ya Toledo.
Bloki ni ya sitini na nane.
Bolti kumi kila upande, zote ziliingia kwa vidole;
gasketi ikalala kama shuka lililopigwa pasi.
"Ukoo mmoja, Pontiaki kwa Pontiaki,"
Wendell akasema, akijifuta oili.

Lonnie hakumjibu.
Alimega udongo wa kuchezea, wa bluu, wa mjukuu,
akaubandika juu ya pistoni,
wakafunga, akazungusha kranki kwa mkono
polepole, kama afunguaye mlango wa chumba cha mgonjwa.

Walipofungua, vali ilikuwa imechapa mwezi mwandamo ukingoni,
udongo umekwisha, chuma kinang'aa.
Mshazari wa nyuzi sita tu.

Wendell aliutazama.
Krismasi ile, viti viwili vimekaribiana,
kila kitu kimekaa sawasawa
mpaka mmoja akaanza kuongea.

"Pistoni huchongwa," Lonnie akasema, "hedi usitupe."
Nje theluji ilidondoka toka paa la gereji,
fungu zima, ghafla,
wote wakashtuka.